Mali Bila Daftari: Mafunzo Kutoka Misitu ya Kilwa



Kila msimu twaona jambo moja katika vituo vya kununulia karafuu. Mkulima hufika na magunia yake, na hata akiwa ni mtu mpole asiyependa maneno, gunia likishapandishwa juu ya mizani husogea mbele, akainama, akaisoma hesabu kwa jicho lake mwenyewe. Kisha hupokea risiti na kuilinganisha na ile hesabu aliyoiona. Hapana anayemwambia kuwa hana adabu. Hapana anayesema kuwa amemvunjia mpimaji heshima yake. Mali ni yake, na kuitazama mizani ni haki yake.

Lakini mtu huyo huyo akisikia kwamba kumetolewa kibali cha kuchimba mchanga juu ya bonde lake, au kwamba kuna ramani mpya ya barabara itakayopita shambani kwake, hukaa barazani kungoja watu watasemaje. Mizani ya karafuu huijua kuwa ni haki yake. Mizani ya ardhi, ya maji na ya msitu huiona kuwa ni shauri la wakubwa. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba mizani hizo ni moja. Mfano wetu tumeutafuta ng'ambo ya bahari, Kilwa na pwani ya Lindi, kwa sababu huko jambo hili limeonekana wazi, kwa khasara yake na kwa faida yake.

SISI NA KILWA

Kilwa si ugenini kwetu. Majahazi yamekwenda na kurudi baina ya visiwa hivi na pwani ile tangu zama ambazo hapana aliye hai azijuaye. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji uliostawi, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981.

Liko na jambo jingine, ambalo si zuri kulitaja lakini haifai kulisahau. Katika karne ya 19 bandari ya Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa watumwa walioletwa visiwani, na mikono ya wengi wao ndiyo iliyoipanda na kuichuma mikarafuu. Watu wale walitozwa ushuru wa forodha kama bidhaa. Maana yake ni kwamba hesabu yao ilikuwa ikiandikwa mahali. Lakini wao wenyewe walioandikwa hawakuwa na ruhusa ya kulifunua daftari. Twalitaja hili kwa kuwa ndiyo sura mbaya kabisa ya daftari lililofungwa: lamhusu mtu, limeandikwa juu yake, naye halioni.

MPINGO NA DARAJA

Misitu ya Kilwa na Lindi ina miti ya thamani kubwa: mninga, mkongo, mvule, na zaidi ya yote mpingo, ambao ndio mti wa taifa. Moyo wake ni mweusi na mzito hata ukitiwa majini huzama. Wamakonde huuchonga vinyago, na huko Ulaya hufanyiwa zumari za aina nyingi, kama vile klarineti na oboi. Sisi twaujua mkarafuu, ambao huanza kutoa baada ya miaka 6 hata 8. Mpingo hutaka miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kukatwa. Basi anayeukata leo amekata mali iliyolindwa na babu wa babu yake, ijapokuwa pengine babu huyo hakujua kwamba alikuwa akiilinda.

Zamani misitu ile ilikingwa na ugumu wa safari. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na wakati wa masika barabara ya kusini ilikuwa ikikatika kabisa. Mwezi wa Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa. Hatulilaumu daraja, wagonjwa na wanafunzi wa kusini walilihitaji kuliko wafanya biashara. Lakini malori yalipopata njia, shoka nalo lilipata njia. Soko la magogo katika nchi za Asia lilikuwa na njaa, na magogo yakaanza kutoka Rufiji, Kilwa na Lindi kwa wingi usiopata kuonekana. Mengine yalipita bandarini mbele ya maofisa, na mengine yalipita usiku katika bandari bubu.

Mwanakijiji alikuwa akiona nini? Alikuwa akiona mgeni aliyefika na karatasi. Karatasi ile yataja miti mingapi, ya unene gani, ya msitu upi, na ushuru wake ni shilingi ngapi, hakujua. Alipewa ujira wa kukata na kubeba, akashukuru, kwa sababu ujira huo ndio pekee aliokuwa akiuona.

DAFTARI MBILI

Mwaka 2007 ilitolewa ripoti juu ya biashara hii, iliyotengenezwa na TRAFFIC, shirika linalochunguza biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ripoti ile ilileta kishindo kikubwa nchini, na twapenda wanachama waijue njia iliyotumika, kwa sababu ni njia ambayo hata mwenye duka la kijijini aweza kuifahamu.

Wachunguzi walichukua daftari mbili wakaziweka pamoja. Daftari la kwanza lilikuwa la Tanzania, lenye kuonyesha magogo na mbao zilizotoka nchini kwenda China. Daftari la pili lilikuwa la China yenyewe, lenye kuonyesha magogo na mbao zilizoingia kutoka Tanzania. Yapasa hesabu hizo zikaribiane, kwa kuwa mzigo ni ule ule. Lakini daftari la China lilionyesha mzigo mkubwa mara kumi kuliko daftari la Tanzania. Yaani kwa kila magogo kumi yaliyopokelewa kule, huku lilikuwa limeandikwa moja. Yale tisa hayakulipiwa shule, wala hospitali, wala mche wa kupandwa mahali pake.

Ripoti ilikisia kwamba taifa lilikuwa likipoteza kiasi cha dola milioni 58 kila mwaka. Na kwa habari ya mwanakijiji, ilieleza kwamba mara nyingi alichokipata hakikuzidi sehemu moja katika sehemu mia ya bei ambayo gogo lilikuwa likiuziwa nje. Sisi tuliosoma khabari hizi tulitikisa vichwa, maana wazee wetu walipata kuonja dawa hiyo katika miaka ya 1970, bei ya karafuu ilipokuwa juu sana duniani na sehemu yake iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo sana.

Tazameni sana jambo hili. Udanganyifu ule haukufichuliwa kwa bunduki. Ulifichuliwa kwa sababu nchi moja ya mbali ilitangaza hesabu zake za forodha, na watu wakapata ruhusa ya kuzisoma. Mtu wa Migeregere au wa Liwale, aliyeona malori yakipita mlangoni kwake usiku na mchana, alipaswa kujua thamani ya msitu wake kutoka daftari la China, kwa sababu daftari la karibu naye lilikuwa limefungwa. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila khabari. Sisi twaongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari halisomwi na mwenye mali.

KIKOLE NA KISANGI

Sasa tuje katika upande wa kheri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji cha Tanzania Bara kutenga msitu wake, kuuandikia mpango wa matumizi, na kuusimamia chenyewe. Kijiji kikishafanya hivyo, mrabaha wa miti itakayouzwa ni wa kijiji, si wa wilaya wala wa wizara. Sheria ilikuwako, lakini sheria iliyomo kabatini ni sawa na mbegu iliyomo chupani. Vijiji vingi havikujua.

Katika Wilaya ya Kilwa lilikuwako shirika moja dogo lililoanza kwa uchunguzi wa mpingo katika miaka ya 1990, ambalo sasa laitwa Mpingo Conservation & Development Initiative. Watu wake walikwenda vijijini na kufanya kazi isiyokuwa na mbwembwe: kuwaeleza watu sheria yasemaje, kupima msitu pamoja nao, kuhesabu miti, kuandika ni mingapi yaweza kukatwa bila ya kuumaliza msitu, na kuwaonyesha bei. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi kwamba mti umekatwa kwa utaratibu mwema. Hapo kabla hapakuwa na msitu wa asili wa wanakijiji barani Afrika uliopata cheti hicho. Ilikisiwa wakati ule kwamba gogo la mpingo ambalo zamani lilikiletea kijiji senti 8 za Marekani, sasa laweza kukiletea dola 19.

Mti haukubadilika, na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mti alijua bei yake, alijua idadi yake, na aliijua sheria inayomlinda. Vijiji vilivyofuata njia hiyo, Nanjirinji kikiwa kimoja wapo, vimezitumia fedha za miti kwa mambo ya watu wote, kama vile majengo ya shule. Na watu wenyewe wakaanza kuuzungukia msitu kuulinda, kwa kuwa hapana mlinzi aliye bora kuliko mwenye mali aijuaye thamani ya mali yake.

Hatusemi kwamba Kilwa imekuwa pepo. Misitu bado yafyekwa kwa mashamba ya ufuta na kwa mkaa. Tena daftari la kijiji nalo laweza kufungwa. Mwenyekiti na mweka hazina wa kijiji ni wanadamu kama karani wa wilaya. Ndiyo maana sheria za serikali za mitaa zataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mahali ambapo mkutano haukutani, cheti cha ukutani hakitausaidia msitu.

NENO MOJA LA MAVUJI

Iko khabari nyingine ya Kilwa yenye uchungu zaidi. Baada ya mwaka 2006 kampuni moja ya Kiholanzi, Bioshape, ilikuja kutafuta ardhi ya kupanda mibono ili ipate mafuta ya kuendeshea mitambo. Ilipata kiasi cha hekta 34,000 katika vijiji vinne, Mavuji kikiwa kimoja chao. Watafiti walioandika juu ya jambo hili mwaka 2009 walieleza kwamba katika fedha za fidia, asilimia 60 ilibaki kwa wilaya na asilimia 40 ndiyo iliyofika vijijini, na kwamba ahadi nyingi walizopewa watu katika mambo kama haya zilikuwa ni za mdomo. Muda si mrefu kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 2010 ikafilisika. Miti ya msitu ilikwisha katwa katika sehemu ya ardhi ile, na mibono haikuleta faida iliyotarajiwa.

Mtu atasema: basi, kampuni imekwenda, watu na warudi katika ardhi yao. Hapo ndipo lilipofichika neno moja. Kwa sheria ya Tanzania Bara, ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mwekezaji wa nje mpaka kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla, na ikishageuzwa haiwi tena ya kijiji. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Wangapi katika walionyoosha mikono mkutanoni walielezwa maana ya neno hilo? Mtu mwenye kuliazima shamba lake alidhani kuwa ameazima. Kumbe katika karatasi ameliondoa mkononi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikusahau hatari hii. Yaagiza kwamba notisi ya kugeuza ardhi itangazwe katika Gazeti la Serikali na ipelekwe kwa Halmashauri ya Kijiji, na halmashauri iwaarifu wanakijiji wote. Lakini kuarifiwa si kusomewa tu. Mtu akisomewa maneno asiyoyafahamu hajaarifiwa, na kidole gumba chake kwenye karatasi hakimtoi katika ujinga. Kwa hiyo twasema kuwa khabari ya Serikali yataka vitu viwili: iwe wazi, na iwe katika maneno ambayo mkulima ayajua.

SHERIA ZASEMAJE?

Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazil, na katika kanuni ya 10 ya azimio lao wakakubaliana kwamba mambo ya mazingira huendeshwa vyema pale ambapo raia wanaohusika wanashiriki, nao wapate khabari zilizoko kwa wenye mamlaka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 18, yampa raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, yampa mtu haki ya kuomba khabari za mazingira kutoka ofisi za umma. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nayo ni ya Bara, yamruhusu raia kuandika barua ya kuomba taarifa na kutaka ajibiwe katika muda wa siku 30. Sheria hiyo ina milango yake iliyofungwa, kama vile usalama wa taifa na siri za biashara, na mwenye kuficha aweza kusimama nyuma ya milango hiyo. Hata hivyo, barua yenye tarehe ni kitu kingine kabisa kuliko swali la barazani.

Kwetu Zanzibar tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, ambayo yataka kazi kubwa zichunguzwe athari zake kwa mazingira kabla hazijaanza. Uchunguzi huo huandikwa katika karatasi. Karatasi hiyo yatuhusu sisi tunaokaa chini ya bonde.

NA SISI JE?

Hatukusafiri mpaka Kilwa ili tuwacheke wenzetu. Mmoja wetu katika chama hiki alisikia kwamba mfereji wa maji ya mvua utachimbwa karibu na shamba lake. Alikwenda katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, akaomba kuona ramani. Aliambiwa, "Njoo kesho, mzee." Kesho ikawa wiki, na wiki ikawa masika. Siku alipoiona ramani, mfereji ulikuwa umekwisha chimbwa, na maji yalikuwa yamesimama juu ya mizizi ya mikarafuu yake. Kila mwanachama ajua kwamba mkarafuu hauvumilii maji yaliyotuama. Miti kumi na saba ilikauka, mingine ikiwa ni ile aliyoirithi kwa baba yake.

Hatusemi kwamba karani yule alikuwa mtu mwovu. Pengine funguo za kabati hakuwa nazo yeye. Lakini twamlaumu ndugu yetu kidogo, na twajilaumu sisi wote pamoja naye. Aliuliza kwa mdomo, na hakuandika. Hakuchukua mtu wa kufuatana naye. Hakumwarifu sheha, wala hakukiarifu chama. Alipotaka kudai, alikuwa hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alipata kuuliza.

Na faida ya hesabu iliyo wazi sisi twaijua. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipopandisha sana bei ya karafuu, na kutangaza kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, magendo yalipungua, na mashamba yaliyokuwa yameachwa magugu yakaanza kupaliliwa. Watu hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya kuupenda mkarafuu. Mti wenye bei inayojulikana hupata mwenyewe. Mti ambao bei yake ni siri huishia kuwa kuni. Ndivyo ulivyo mpingo wa Kikole, na ndivyo ulivyo mkarafuu wetu.

Basi twapendekeza mambo manne kwa kila tawi. Kwanza, mwanachama akisikia khabari ya kibali, ramani au mkataba unaogusa shamba, chemchemi au msitu wa kwao, aiulize kwa barua, na nakala aiweke tawini. Pili, barua isemwe wazi: nataka kuona karatasi fulani, ya mahali fulani, ya tarehe fulani, kwa kuwa swali la jumla hupata jibu la jumla. Tatu, mwenye kwenda ofisini asiende peke yake, naye aende kwa adabu, kwani karani mwenye hofu hufunga kabati zaidi. Nne, daftari za chama chetu wenyewe ziwe wazi kwa kila mwanachama siku ya mkutano. Hatuwezi kuitaka Serikali ifunue na sisi tukafunika.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivi ni kuitafuta Serikali ugomvi. Sivyo. Yule anayeinama kuisoma mizani kituoni hagombani na mpimaji. Mpimaji mwema hufurahi, kwa sababu kesho hapana atakayemsingizia. Serikali njema nayo ni hivyo hivyo.

Msimu wa kupalilia umekaribia. Tusafishe chini ya mikarafuu, tukate miti ya pori inayoizonga, na tupande miche mahali pa ile iliyokufa. Na siku moja katika siku hizo tuende ofisini tukaulize kuna karatasi gani zenye jina la kijiji chetu. Hiyo nayo ni kazi ya shamba.